Bei ya chakula cha Pasaka Dar ni siri ya jeshi? Nimechoka na "njoo inboksi"

Wakuu, heri ya Pasaka kwa mlioila. Mimi niliilipia, kuila sikuila.

Mimi mtu wa Dodoma. Mwaka huu nilimwahidi mama yangu, mama wa Mpwapwa kabisa, aliyezaa sita na hajawahi kukaa mezani akala huku anaitazama bahari, kwamba Pasaka tutaila Dar. Ijumaa tukapanda SGR: mimi, mke wangu, mama, na watoto wawili, wa miaka 7 na 10. Mpango ulikuwa mwepesi. Jumapili ibada ya asubuhi kwa Mtakatifu Albano pale Posta, tukitoka tuvuke daraja la Tanzanite, tukale hicho watu wa Masaki wanachokiita branchi, yaani chai na chakula cha mchana kwa mkupuo mmoja.

Msije mkasema nilikurupuka. Nilianza kutafuta wiki mbili kabla. Niliandikia kurasa saba za migahawa, swali lile lile: kwa mtu bei gani, na watoto je? Jibu la kwanza: "Karibu sana dia, njoo inboksi." Nikaenda inboksi. Inboksi nikapewa namba ya simu. Nikapiga, dada akaniambia bei zote ziko kwenye ukurasa wetu kaka. Nikarudi ukurasani nikakuta picha ya glasi ya juisi na machweo ya jua. Chakula cha asubuhi, halafu mnaniwekea machweo!

Hivi hii tabia ilitoka wapi? Muuza supu wa Sinza, jirani na lodge tuliyofikia, hana ukurasa wowote. Ana ubao. Supu ya ng'ombe kiasi fulani, chapati kiasi fulani, kaandika kwa chaki, ukiwa huna unapita zako bila kuaibika. Sasa huyu mwenye bustani, mabwawa na mpiga picha wake anashindwa nini kuandika tarakimu tano?

Jumamosi nikaona isiwe tabu, nikachukua bajaji nikakague kwa macho. Mikocheni, ramani ya simu inasema "wazi hadi saa 4 usiku". Nimefika geti limefungwa kwa mnyororo, mlinzi kajikunyata na koti la mvua. "Hawa wamefunga tangu juzi, boss. Mpaka Jumanne." Wa pili wamejaa. Narudi Sinza nimelowa, saa 2 usiku ndipo ukurasa mmoja ukanijibu kwa tarakimu, nikafurahi kama nimeokota hela: mkubwa 75,000, watoto nusu bei, kianzio laki 1 kwa lipa namba, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 mchana. Nikapiga hesabu, laki 3 watu watano. Ghali, ndiyo. Lakini mama ni mmoja. Nikatuma.

Jumapili masika yamemwagika kama hayana akili nzuri. Tumefika Masaki saa 5 kasoro, mama na kitenge chake kipya kakishika pindo kisiguse matope. Mlangoni kuna kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Shikamoo hakuna. Anamwangalia mama juu mpaka chini, "Mna bukingi?" Ninayo. Anafungua karatasi, na kwenye karatasi hiyo, wakuu, bei iko kwa dola. Dola 35. Na mtoto wa nusu bei ni wa chini ya miaka 5. Wangu wote wawili wamekuwa watu wazima hapo hapo mlangoni!

Nikamwambia kijana, mimi nilipewa bei ya shilingi. Akaniambia hiyo ilikuwa ya Ijumaa Kuu, leo ni Pasaka yenyewe. Dola moja kwa kiwango chao 2,700, halafu VAT asilimia 18 juu yake. Fanyeni wenyewe: laki 3 yangu imekuwa 557,550 kabla sijaomba maji ya kunywa. Na tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza au kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Nilimtajia meneja. Akatabasamu, akasema ile dola ni "ya mwongozo tu". Mwongozo! Kianzio nacho hakirudishwi. Nyuma yangu foleni, mvua, mama kasimama kwa miguu yake inayovimba. Mngefanya nini? Nikalipa. Tulivyovutana sana wakanipunguzia kwa mtoto mmoja, yule wa miaka 7, eti kwa upendo.

Tukaingia. Meza tuliyopewa iko chini ya turubai, bahari iko nyuma ya jenereta. Mayai yanakaangwa na mtu mmoja, jiko moja, foleni ya watu wasiopungua ishirini wameshika sahani tupu. Kwenye soseji kasimama dada na koleo lake, haliachii, anagawa: "Moja moja mama, moja moja." Mama akamjibu asante mwanangu, akaondoka na soseji yake moja katikati ya sahani kubwa nyeupe. Ile picha haitanitoka.

Wakati zamu yangu ya mayai inakaribia, saa 5 na nusu, wakaanza kuondoa vitu vya chai. Nikauliza chakula cha mchana kiko wapi. "Kinakuja saa 7." Kwa hiyo kile kitu ambacho maana yake yote ni chai na mchana kwa pamoja, sisi tumeangukia kwenye saa ambayo hakuna chai na hakuna mchana. Mama akaniuliza taratibu, bila utani hata kidogo, "Mwanangu, hiki tulichokula ni chai au tunasubiri? Nijue naombea kipi."

Saa 7 ilipofika wali ulikuja, kuku akaja saa 8, akaisha kabla ya meza yetu. Nikaomba risiti ya EFD. Mashine haina mtandao. Nikapewa karatasi ya mkono, nimeitunza, na TRA nitaipeleka.

Kuna watakaokuja hapa kusema kama huna hela ungebaki Dodoma. Hela nilikuwa nayo ndugu yangu, na nimeiacha Masaki. Ungeniambia laki 5 na nusu tangu mwanzo ningeamua na mke wangu, ama twende ama tusiende. Ninachokataa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu gunia lenyewe lifunguliwe mbele ya mama yangu.

Idd tutakuwa Dar tena, shemeji yangu katualika, na mama bado hajaila bahari. Mwenye kujua sehemu nzuri aiandike hapa, na bei kwa tarakimu, na mtoto anahesabiwa kuanzia miaka mingapi. Atakayeniambia njoo inboksi, abaki nayo.