Naomba ushauri: barua pepe za kazini haziingii mpaka nizivute

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, kazi yangu ni ya uwakala wa forodha, kutwa niko bandarini na kompyuta imebaki ofisini. Barua pepe ya kazini nimeiweka kwenye simu ya Android kwa IMAP (njia ya kusoma barua huku zikibaki kwenye seva), poti 993 (siyo bandari yetu hii, jamani) na SSL, ule ulinzi wa mawasiliano. Kutuma hakuna tatizo. Shida kupokea: simu ikikaa mfukoni, kimya. Jana bosi katuma nyaraka saa 4 asubuhi, mimi nimeziona saa 8 nikiwa Ngamiani nakula. Nilipovuta skrini chini zikamwagika 11 kwa mpigo. Maneno niliyoyasikia siyaandiki.

Usawazishaji nimeuwasha, kila dakika 15. Namshuku mbana betri (ule mpangilio wa simu wa kuokoa chaji) ndiye anayeifunga programu ya barua, ila nikimzima simu haifiki magharibi.

Fundi mmoja kaniambia niache IMAP nihamie POP3, njia nyingine ya kupokea barua. Nasita, maana POP3 inaweza kushusha barua na kuzifuta kwenye seva, na ofisini wanazihitaji.

Je, naweza kuiachia programu hii moja tu, zingine zibaki zimebanwa? Mpangilio huo unakaa wapi?