Python: siku[2:-1:-1] inanipa listi tupu, shida iko wapi?

Mwanagenzi
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwenye kukata listi katika Python. Nina hii:

siku = ["Jtatu", "Jnne", "Jtano", "Alh", "Ijm", "Jmosi", "Jpili"]

Nataka siku tatu za mwanzo kwa kurudi nyuma: Jtano, Jnne, Jtatu. Nikiandika siku[2:0:-1], Jtatu haitoki. Nikishuka chini ya sifuri, siku[2:-1:-1], napata [] tu. Kwenda mbele sina tatizo, siku[0:3] naielewa. Kurudi nyuma ndiko kunakonichanganya.

FundiKodi
Mkuu, namba ya pili ni mpaka, na mpaka wenyewe hauchukuliwi. siku[0:3] inachukua 0, 1 na 2. Ukirudi nyuma sheria ni ileile: siku[2:0:-1] inachukua 2 na 1, ikifika 0 inasimama.

Sasa hiyo -1 ya katikati (ile ya mwisho ni ya kusema "rudi nyuma" tu). Wewe unaisoma "nafasi moja kabla ya sifuri", Python inaisoma "ya mwisho kabisa", yaani Jpili, nafasi ya 6. Umeiambia itoke 2 irudi nyuma hadi ifike 6! Haiwezekani, ndiyo maana inakurudishia tupu. Acha mpaka wazi: siku[2::-1].

BintiData
Jibu ni sahihi, ila mimi ningeandika siku[:3][::-1]. Kata kwanza, kisha geuza. Inatengeneza listi moja ya ziada, lakini kwa vitu saba hakuna hasara, na atakayeisoma kodi baada yako hatahangaika.

Mwanagenzi
Asanteni sana, zote mbili zimekubali. Dada, hiyo yako ndiyo nitakayotumia. Ila kwa nini haikutoa kosa? siku[10] inaleta IndexError (kosa la nafasi isiyokuwepo) hapohapo.

FundiKodi
Kukata hakulalamiki. Hata siku[5:100] itakupa Jmosi na Jpili. Inasaidia sana unaposoma data kwa mafungu, maana fungu la mwisho likipungua programu haianguki. Ubaya ni kwamba ukikosea hesabu, kosa linapita kimyakimya. Kama tupu haitakiwi, ikague kabla hujaendelea.

BintiData
Na ukija kuhamia NumPy, ile maktaba ya Python ya hesabu za namba, angalia sana. Kwenye listi ya kawaida kipande ni listi mpya, ukibadilisha kipande[0] ile ya asili haiguswi. Kwenye NumPy kipande kinatazama data ileile, ukikigusa umegusa na asili. Weka .copy() mwishoni kama unataka ibaki salama.