Majirani Mikindani: Paa la Asbesto

*Mama Swaleh:* Assalaam alaikum majirani. Paa la nyumba ya nyuma twataka kuling'oa kabla ya masika. Vijana wasema watalivunja kwa nyundo, siku moja wamemaliza. Sawa?

*Fundi Kombo:* Waalaikum salaam dada. Nyundo la! Bati la asbesto likiwa zima hatari yake ni ndogo. Likivunjwa, likikatwa msumeno au likisuguliwa brashi ndipo nyuzi hupaa. Hazionekani, zikikwama pafuni hazitoki, na saratani yake yaweza kudhihiri baada ya miaka 20 hata 40.

*Bi Rukia:* Na ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Tafadhali mabati hayo ya zamani yasigeuzwe paa la banda la kuku, wala kutupwa jalalani. Huzikwa mahali palipoidhinishwa.

*Mama Swaleh:* Barakoa za hospitali ninazo boksi zima.

*Bi Rukia:* Hizo hazifai mamangu, hewa hupita pembeni. Ni FFP3, barakoa inayobana uso na kuchuja vumbi laini, na mwenye ndevu haimbani. Ovaroli ziwe za kutupa. Zikifuliwa nyumbani, vumbi limeingia ndani.

*Fundi Kombo:* Siku yenyewe madirisha yafungwe, nguo zianuliwe, bomba la maji ya mvua litolewe kwenye tangi. Mabati yanyunyizwe maji ya sabuni taratibu, si kwa presha. Bolti iliyoshika kutu ikatwe, ukiilazimisha bati litapasuka. Asikanyage mtu bati, limezeeka, atatumbukia. Atandike ubao mpana juu ya pau. Washushe wawili kwa mikono. Kisha nailoni nzito mara mbili, tepu, alama ya hatari. Msifagie! Pangusa kwa kitambaa kibichi, nacho kifungwe humo humo.

*Baba Amina:* Na mabati mapya?

*Fundi Kombo:* Hapo wengi hukosea. Asbesto ni nzito, hujikalia. Mabati ni mepesi, upepo huyabeba. Pau za zamani zikiachana sana, ongeza, nafasi baina ya pau na pau isizidi sentimita 90 hivi. Chumvi ya bahari hula haraka, kwa hivyo chukua geji 28, si 30 iliyo nyembamba zaidi, yaliyopakwa alumini na zinki. Yapandane sentimita 15 kwa urefu, wimbi moja na nusu ubavuni, na mdomo wa pale yanapopandana usielekee upepo wa kusi. Skrubu zenye ringi ya mpira zikae mgongoni mwa wimbi, si bondeni maji yanakopita. Grainda usikatie, cheche huunguza rangi, kutu huanzia hapo.

*Mama Swaleh:* Vijana nawazuia sasa hivi. Wenye leseni nitawapataje?

*Bi Rukia:* Uliza ofisi ya NEMA ya kaunti. Itazame leseni kwa macho yako, na wakimaliza wakupe hati ya kufuatilia taka inayoonyesha yamezikwa wapi. Bila hiyo, usimalizie malipo.