Precision, Jazz au besi la shingo fupi: lipi linamfaa mpigaji mwenye mikono mifupi?

besi_temeke
Habari zenu, ndugu wanachama. Napiga besi katika kwaya ya kanisa letu hapa Temeke, na siku hizi naitwa pia kwenye bendi ya dansi inayopiga tangu saa tatu usiku hadi usiku wa manane. Mimi ni mfupi, vidole vyangu si virefu, na gitaa la kuazima ninalotumia huniachia maumivu ya bega la kushoto. Nataka kununua langu, ila sijaamua kati ya mabesi mawili ya kampuni ya Fender, Precision na Jazz, na yale ya shingo fupi.

fundi_magitaa_kkoo
Dada, karibu. Anza na mwili, kwa sababu sauti unaweza kuirekebisha kwa nyuzi na amplifaya, lakini mkono haurefuki. Precision, ambalo Fender walilitoa mwaka 1951, na Jazz lililofuata mwaka 1960, yote mawili yana urefu wa uzi wa inchi 34, yaani karibu sentimita 86, kwa hiyo nafasi kati ya freti na freti, yaani vile vyuma vyembamba vya shingoni, ni ileile. Yanapotofautiana ni upana wa shingo kule karibu na kichwa: Jazz lina takriban milimita 38, ilhali Precision mengi yana kati ya 41 na 44. Ni milimita chache, lakini kidole chako kidogo kitazijua unapopiga freti za kwanza. Mustang, besi la shingo fupi lenye urefu wa uzi wa inchi 30, husogeza freti karibu zaidi, na kwa maelezo yako ningeanzia hapo.

mzee_wa_dansi
Kuhusu mkono nakubaliana na fundi. Kuhusu sauti, hapana. Kwenye dansi magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia juu yake, na besi lisilosikika wazi huwapoteza wachezaji. Uzi wa shingo fupi hukazwa kwa nguvu ndogo zaidi kwa noti ileile, hivyo sauti yake huwa laini na ya mviringo, nzuri sana kwa kwaya, ila uzi wa E, ule mnene kuliko yote, waweza kufifia ukumbi ukijaa. Precision, kwa pikapu yake (kinasa mtetemo wa nyuzi) iliyogawanywa vipande viwili tangu mwaka 1957, hutoa sauti nene isiyo na muungurumo wa umeme. Jazz lina pikapu mbili, na ile ya nyuma huchonga kila noti. Hata hivyo, ukipunguza sauti ya pikapu mojawapo, muungurumo huweza kuingia, hasa kwenye kumbi zenye nyaya za zamani. Mimi ningemshauri binti yangu achukue Jazz.

mama_besi_kinondoni
Mdogo wangu, hao wote hawajaligusa bega. Vaa gitaa ukiwa umesimama, kisha achia mikono yote miwili. Kichwa cha gitaa kikishuka kuelekea sakafuni, liache hata kama sauti yake ni tamu, kwa maana mkono wa kushoto utakuwa ukiinua shingo usiku kucha badala ya kupiga. Omba pia kulipima kwenye mizani. Likizidi kilo 4, endelea kutafuta. Mkanda nao uwe mpana, wa ngozi, usioteleza begani.

besi_temeke
Asanteni sana, na shikamoo mzee. Jumamosi nitakwenda Kariakoo kujaribu Jazz na la shingo fupi, yote mawili nikiwa nimesimama. Fundi, nikichukua la shingo fupi, je, nyuzi nene zaidi zitaukaza ule uzi wa E?

fundi_magitaa_kkoo
Zitaukaza, dada. Ila shingo itavutwa zaidi, kwa hiyo lazima irekebishwe upya siku hiyohiyo ya kubadilisha nyuzi.