Naomba ushauri: chuma nilichotia weusi kinarudi kutu

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba hapa Kisauni, na mashine moja ya kukereza. Najifunza kutia chuma weusi kwa kutu, ile njia ya kale ya mafundi wa bunduki, ila mimi naitumia kwa visu na patasi tu. Naacha kutu nyekundu ishike, nachemsha majini hadi igeuke nyeusi, nasugua kwa brashi ya waya laini, narudia mara 6. Rangi inatoka nzuri mno! Lakini hata nikipaka mafuta, siku ya 3 vidoa vyekundu hivyo. Nashuku maji ya kisima, yana chumvi. Nijaribu maji ya betri, yale yasiyo na asidi? Au ni upepo wa bahari? Nisaidieni, nimeanza upya mara nyingi.