Kubadilisha jina ukiomba uraia wa Marekani: kabla, ndani ya N-400, au baada ya kiapo?

Ruzizi_Juu

Wakuu, salamu kwenu wote.

Najaza N-400, ile fomu ya kuomba uraia wa Marekani, na nimekwama Sehemu ya 2, pale wanapouliza kama unataka kubadilisha jina kisheria. Jina langu liliandikwa kinyume tangu kambi ya wakimbizi: langu la kwanza likapelekwa mahali pa ukoo, la babu likawa la kwanza, la baba halimo kabisa. Halafu sisi wa Kongo mnatujua, ndugu wa baba mmoja mama mmoja kila mtu ana jina lake la mwisho. Hapa kila ofisi tunayoingia na mdogo wangu lazima tuulizwe kama kweli ni ndugu. Nataka jina la baba liwe la ukoo na watoto walifuate.

Nimesikia njia tatu. Kwenda mahakama ya kaunti sasa hivi, kabla ya kutuma fomu. Kuomba humo humo kwenye N-400. Au kula kiapo kwanza na jina hili la kambini, nipate pasipoti, halafu jina baadaye. Mama yangu yuko Uganda na hali yake si nzuri, kwa hiyo pasipoti naihitaji mapema iwezekanavyo. Waliopitia, nipeni ulinganisho wa kweli.

Karani_Mstaafu

Ndugu yangu, nimewajazia watu hizi fomu kwa miaka, ngoja nikueleze inavyokwenda kwa ndani, maana wengi wanadhani ni yule afisa wa usaili anayebadilisha jina.

USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, haina mamlaka ya kukupa jina jipya. Sheria imewapa majaji. Ukisema ndiyo kwenye N-400, siku ya usaili afisa anaandaa karatasi nyingine iitwayo N-662, ambayo ni ombi lako kwa mahakama. Ina jina lako la sasa, jina unalolitaka, na tamko lako kwamba hukimbii madeni wala mkono wa sheria. Unatia saini, inapelekwa mahakamani, na unabadilika jina siku ile ile ya kiapo, mbele ya jaji. Cheti cha uraia kinatoka na jina jipya, na unapewa nakala ya ombi yenye muhuri wa mahakama. Haulipi hata senti moja juu ya ada ya N-400, ambayo tangu Aprili 2024 ni dola 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi.

Sasa shida iko hapa. Viapo viko vya aina mbili: cha mahakamani na cha kiutawala, yaani kile kinachoendeshwa na USCIS wenyewe. Cha kiutawala ni chepesi, kuna ofisi zinazokuapisha siku hiyo hiyo ya usaili. Lakini ukiomba jina jipya, huwezi kuapishwa huko. Lazima usubiri siku ya jaji, na kuna maeneo ambako jaji huapisha mara chache.

Kwa hiyo kabla hujauliza ipi ni bora, uliza huko kwenu viapo vinafanyika wapi. Kuna wilaya za mahakama ambazo majaji wamejiwekea haki ya kuapisha, na huko karibu kila mtu anaapa mahakamani, awe amebadilisha jina au hapana. Ukiishi sehemu kama hiyo huchelewi chochote, na kukataa ofa ya bure ni kujinyima tu.

Dereva_wa_Masafa

Mimi nilichagua ya tatu. Afisa aliponiuliza kuhusu jina nikasema hapana, nikaapa mchana ule ule, pasipoti nikaipata, nikasafiri. Niliporudi ndipo nikaenda mahakama ya kaunti.

Uzuri wake ni mwendo. Ubaya wake ni mfuko na makaratasi. Ada inategemea jimbo: mahakama ya kiraia ya Jiji la New York ni dola 65, California inaanzia 435. Majimbo mengine yanataka alama za vidole, Texas ni mojawapo, na mengine yanataka utangaze gazetini kwa gharama yako. Ukiwa na kipato kidogo omba msamaha wa ada, fomu yake ipo, watu wanaona haya kuiomba.

Jambo ambalo watu hawaliambiwi: ukishabadilisha jina baada ya kiapo, cheti chako cha uraia kinabaki na jina la zamani. Halali kabisa, ila kila utakakokitoa utoe na amri ya mahakama pamoja. Ukitaka kipya ni fomu ya N-565, dola 505 kwa mtandao. Mimi sikuona haja, pasipoti yenye jina jipya inanitosha kila mahali.

Na kuhusu pasipoti: kama pasipoti yako haijatimiza mwaka tangu itolewe, na jina nalo limebadilika ndani ya mwaka, unatumia fomu ya DS-5504 na hulipi ada. Ikishapita mwaka unalipa kama mtu anayehuisha. Kwa hiyo usilale baada ya safari.

Mama_Wawili

Mnasahau ndoa. Mimi nilichukua jina la mume wangu kwa cheti cha ndoa, nikakiambatanisha na N-400, basi. Jina lilikuwa limeshabadilika kisheria kabla ya maombi, sikumhitaji jaji, niliapa kiutawala na cheti kikatoka na jina la ndoa. Talaka nayo ni hivyo hivyo kama hukumu imekurudishia jina lako la zamani. Haimsaidii Ruzizi, lakini dada zangu wanaosoma wasije wakajiongezea foleni bure.

Ruzizi, umesema watoto walifuate. Wana miaka mingapi?

Ruzizi_Juu

Wawili, wote chini ya kumi, wana grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu). Si wanapata uraia kupitia mimi?

Karani_Mstaafu

Uraia wanapata, jina hawapati. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grinikadi na anayeishi nawe ukiwa mlezi wake kisheria, anakuwa raia siku unapoapa wewe, kwa sheria iliyoanza kazi Februari 2001. Lakini hayumo kwenye N-400 yako kama mwombaji, kwa hiyo N-662 yako haimgusi. Wewe utatoka mahakamani na jina la baba yako, wao watabaki na ya kambini. Kuwabadilishia ni lazima uende mahakama ya jimbo, na mzazi mwingine atatakiwa kukubali au angalau kupewa taarifa.

Hili, kwa maoni yangu, ndilo linalobadilisha hesabu yako yote. Kama mwisho wa siku utakwenda mahakama ya kaunti kwa ajili ya watoto, basi ile "bure" ya N-400 si bure kamili. Kuna mahakama zinazopokea familia nzima kwenye ombi moja, nyingine zinataka kila mtu ombi lake na ada yake. Piga simu kwa karani wa mahakama ya kaunti yako, umwulize hilo tu.

Pwani_Kwetu

Naongezea upande wa nyumbani, maana humu kila mtu anaongea kama vile maisha yalianzia uwanja wa ndege.

Mimi ni Mkenya. Katiba ya 2010 inaniruhusu uraia pacha, na sheria ya 2011 inataka nitoe taarifa ndani ya miezi mitatu. Sawa. Sasa pasipoti ya Marekani inasema jina moja, kitambulisho, hati ya shamba na akaunti ya benki zinasema jingine. Amri ya jaji wa Marekani haibadilishi daftari la ardhi la Kenya. Ukitaka jina jipya huko unafanya hati ya kiapo ya kubadilisha jina, inasajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Vyeti vya shule navyo vinabaki vilivyo.

Kwa hiyo mwenye mali nyumbani, au anayetarajia urithi, aombe mahakamani nakala kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri, si moja. Nakala ya mashine haina uzito mbele ya afisa wa ardhi. Anaigeuza nyuma kutafuta muhuri, akikosa anakurudishia bila hata kuisoma. Watanzania wao wana habari nyingine, kwao mtu mzima akichukua uraia wa kwingine hawezi kubaki na wa Tanzania, na Kongo nayo haikubali uraia pacha.

Bwana_Hapana

Mimi nashauri mtu aache jina alilokuja nalo. Nimezoea kuitwa kwa jina la kambi mpaka mke wangu ananiita hivyo.

Mama_Wawili

Bwana_Hapana, wewe mkeo anakuita hivyo akikasirika tu 😂

Ruzizi_Juu

Nimecheka, ila Bwana_Hapana simkubalii. Jina la baba yangu halimo kwenye karatasi yoyote ya watoto wangu.

Swali jingine. Mtu fulani ameniambia kwamba kwa kuwa majina yaligeuzwa, ni kosa lao, nijaze fomu ya I-90 tu warekebishe grinikadi bure. Kweli? Na tarehe ya kuzaliwa je? Nusu ya kambi yetu tuliandikwa kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari.

Karani_Mstaafu

I-90 bila ada ni kwa kosa la serikali ya Marekani yenyewe, yaani karatasi ulizokuja nazo zinasema hivi na wao wakachapa vile. Kama karatasi zako za ukimbizi zina mpangilio ule ule wa grinikadi, kosa si lao, na utaambiwa hivyo. Weka karatasi zote mbili mezani, soma herufi kwa herufi.

Tarehe ya kuzaliwa ni jambo tofauti kabisa na jina, N-662 haiishughulikii. Kama unao ushahidi wa tarehe ya kweli, utoe kabla ya kuapa, na umpelekee mwanasheria wa uhamiaji kwanza, kwa sababu umekuwa ukitia saini tarehe hiyo kwenye kila fomu. Ukishaapa kwamba ulizaliwa 1 Januari, kanuni zinakufungia mlango wa kuja baadaye kusema sivyo. Ukikosa ushahidi, iache.

Dereva_wa_Masafa

Na ile njia ya kwanza hatujaipa haki yake. Kwenda kaunti sasa hivi, kabla ya N-400. Ukipata amri, unaandika jina jipya kama jina lako la sasa, la zamani unaliweka kwenye majina mengine uliyowahi kutumia, unaambatanisha amri. Hapo uko kama yule wa cheti cha ndoa, unaweza kuapa kiutawala, na cheti kinatoka na jina jipya. Watoto mnaingia nao pamoja kama mahakama inaruhusu.

Kasoro yake: kwa muda utakuwa na leseni ya jina jipya na grinikadi ya jina la zamani. Grinikadi mpya ni dola 415 kwa mtandao, na ukikaribia uraia inauma kulipa. Ukisafiri kipindi hicho, tiketi iwe na jina la hati ya kusafiria utakayoonyesha uwanjani, na amri ya mahakama iwe kwenye begi la mkononi.

Pwani_Kwetu

Kwa mtu mwenye watoto hiyo ndiyo yangu pia. Ila Ruzizi ana mama mgonjwa. Kaunti ikikupa tarehe ya mbali, N-400 nayo inakaa mezani inakusubiri.

Karani_Mstaafu

Si lazima ikae. Tuma N-400 leo na jina la sasa, fungua kesi ya kaunti wakati huo huo. Amri ikitoka kabla ya usaili, unaibeba ile halisi siku hiyo na afisa anaandika jina jipya. Isipotoka, unaamua palepale: kama huko kwenu ni mahakamani tu, omba N-662. Kama wanaapisha siku ile ile na mama anakusubiri, apa na jina la zamani, chukua pasipoti, na amri ya kaunti ikija utumie ile DS-5504 ya Dereva.

Ruzizi_Juu

Nimepiga simu zote mbili. Kaunti wanakubali ombi la familia, tarehe si mbali sana, mke wangu anatia saini naye. Viapo huku vipo vya aina zote mbili, ila vya USCIS ndivyo vya mara kwa mara. Basi natuma N-400 na jina la sasa na kufungua kesi wiki hii hii.

La mwisho: lile swali la Sehemu ya 2 nijibu nini, ndiyo au hapana? Na Social Security, ile ofisi ya hifadhi ya jamii, niende lini kubadilisha jina?

Karani_Mstaafu

Jibu hapana, maana unapita mlango mwingine. Ukibadili nia mweleze afisa kwenye usaili. Jina la sasa liandike kama lilivyo kwenye grinikadi, hata kama limegeuzwa, na jina la ukoo lenye maneno mawili lisigawanywe visanduku viwili.

Social Security: tangu Aprili 2024 fomu ya N-400 ina swali la kuruhusu USCIS iwapelekee taarifa zako, likubali. Hata hivyo ukishapata amri ya kaunti nenda nayo mwenyewe, usingoje kiapo. Leseni fuata baada ya hapo, kwa sababu ofisi za leseni hulinganisha na rekodi ya Social Security na ukianza na wao watakurudisha. Baada ya kiapo subiri angalau siku 10 kabla ya kwenda kuwaonyesha cheti cha uraia, ili taarifa iwe imefika kwenye mfumo wao.

Na siku ya kiapo, kabla hujatia saini cheti, kisome pale pale mezani. Herufi moja ikikosewa mrudishie afisa kabla hujatoka ukumbini.