Baiskeli 40 za mitumba kutoka Chicago: zitamfaa nani kijijini?

Mkaazi wa Chicago: Ndugu zangu, sisi Watanzania wachache tunaoishi hapa Chicago tumekusanya baiskeli 40 zilizotumika, nasi tungependa ziwafikie wakulima na wachuuzi wa samaki vijijini Mwanza. Je, zitawasaidia kujipatia riziki, au tutakuwa tunahamisha vyuma chakavu tu?

Fundi wa Mwanza: Ndugu, inategemea aina. Zenye magurudumu ya inchi 26 hupata tairi na tyubu kwa urahisi, lakini za mashindano, zenye tairi nyembamba, zitalala bandani mara tu mpira utakapochakaa, kwa kuwa spea zake ni adimu. Kumbukeni pia keria: nyingi za huko hazina, ilhali mchuuzi wetu haendeshi kwa matembezi, bali hubeba mkaa, maziwa au samaki. Kuchomelea keria imara ni gharama, ingawa (naungama) ndiyo inayotupa sisi kazi.

Mdau wa Dodoma: Kabla ya kukodi kontena peke yenu, waoneni Working Bikes hapo hapo Chicago, shirika ambalo tangu 1999 hukusanya baiskeli kuukuu, huuza baadhi yake, na kwa mapato hayo husafirisha nyingine hadi Afrika na Amerika ya Kilatini. World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilichagua njia tofauti: baiskeli mpya, nzito, aina ya Buffalo. Kwa maoni yangu, msizigawe bure; anayelipa kidogo kidogo huitunza zaidi.

Mkaazi wa Chicago: Ahsanteni. Tumezikagua jioni hii: 11 ni za mashindano, nazo zitabaki huku.